Pombe Iliyokataa Kuchachuka

Deodata, mama yake Frida, hakujua kukaa bure. Mikono yake haikutulia, na mdomo wake pia. Jumapili wakwe wangekuja nyumbani kwake, pale Kabanga, kumposa Frida. Na Wahangaza, wenyeji wa huko, hawampokei mkwe kwa maji matupu. Lazima pombe ya ndizi iwepo.

Jumatano alikamua ndizi. Alimimina maji yake katika mtumbwi wa mti wa kutengenezea pombe, akatia mtama, akafunika kwa majani ya mgomba. Siku zote povu hupanda kesho yake. Safari hii halikupanda. Ijumaa asubuhi alionja. Ilikuwa tamu tu, kinywaji cha watoto.

Deodata aliingiwa na hofu. Aibu gani hii mbele ya wakwe? Mara akamkumbuka Niragira.

Niragira alikuwa mkimbizi kutoka Burundi. Alivuka mpaka wakati wa mvua, akiwa na watoto wawili. Deodata mwenyewe alimpa kibanda chake cha jikoni alale humo. Sasa alimfuata uani.

"Umefunua mtumbwi wangu?"

"Hapana, Mama Frida. Nilipita tu kwenda kuchota maji."

"Ulipita, na jicho lako likaingia humo. Tangu uje, pombe yangu imekufa. Fungasha vitu vyako, uende kambini."

Niragira aliingia kibandani. Alianza kukunja blanketi. Mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa, na nje kulikuwa na manyunyu.

Jirani yao, Mwalimu Privatus, alifundisha sayansi shuleni. Alisikia maneno yale, akaingia uani.

"Mama Frida, kabla hujamfukuza mtu, nionyeshe hiyo pombe. Miaka yote mtumbwi huu ulikaa wapi?"

"Jikoni, karibu na mafiga."

"Na sasa uko nje, chini ya upenu."

"Jikoni si nimewalaza hawa?"

"Haya. Maziwa yakikaa penye baridi, yanaganda upesi?"

"Yanachelewa."

"Na pombe ni hivyo hivyo. Kuchachuka ni badiliko la kikemia. Chachu iliyomo kwenye mtama inaigeuza sukari ya ndizi kuwa kilevi. Penye baridi kazi hiyo inakwenda polepole. Joto la jikoni linatosha. Usiichemshe tu, maana moto mkali unaua chachu."

Mwalimu alichota mtama kwa kiganja. Punje zilikuwa nzima.

"Hukusaga?"

"Nilikuwa na haraka, Mwalimu."

"Gogo na vijiti, kipi kinashika moto upesi?"

"Vijiti."

"Kwa sababu moto unavigusa pande nyingi. Mtama uliosagwa nao unagusana na maji ya ndizi pande nyingi. Na maji ya kawaida, uliongeza?"

Deodata alitazama chini. "Ndizi zilikuwa chache, wageni wengi. Niliongeza sana."

"Basi umeizimua. Sukari na chachu zikiwa chache ndani ya maji mengi, kazi inachelewa. Usiongeze hata tone."

Deodata aliutazama mtumbwi. Mtumbwi ulitolewa jikoni kwa mikono yake mwenyewe, ili mgeni apate pa kulala. Halafu amemlaumu mgeni.

Alimnyang'anya Niragira blanketi, akalipeleka chumbani kwa Frida.

"Mtalala humu ndani. Nimekukosea, mwenzangu. Nisamehe."

Niragira alikaa chini, akalia kidogo. Kisha akauliza jiwe la kusagia liko wapi. Yeye alisaga mtama, Deodata na Mwalimu wakaingiza mtumbwi jikoni, kisha unga ukatiwa humo.

Jumamosi asubuhi Deodata alifunua jani. Povu lilikuwa limepanda. Alicheka peke yake mpaka Frida akaja kutazama kuna nini.

Jumapili baba mkwe alikunywa, akafuta midomo, akauliza nani aliyetengeneza pombe ile.

"Mimi na mdogo wangu Niragira," alisema Deodata. "Yule pale. Anakaa kwangu."