Utitiri wa Sinia za Haneti

Kila asubuhi kabla ya kengele, Elieth alipita nyuma ya darasa la sita kutazama sinia za Shule ya Haneti. Humo, juu ya majani ya muhogo, walifugwa utitiri walaji, vijidudu wadogo kuliko punje ya ulezi, wanaokula utitiri wa kijani wanaokausha mihogo. Tangu serikali iruhusu biashara huria, dawa za kuua wadudu zilijaa madukani, lakini mama yake Elieth hakuzimudu. Mtama ulikuwa umekauka, tegemeo lake likabaki muhogo.

Bwana shamba Lameck alikuwa ameonya: "Wakizaana ndugu kwa ndugu ndani ya sinia, vizazi vyao vitadhoofika. Leteni wageni kutoka mashamba mengine, muwachanganye."

Erica, mwanafunzi mwenzake Elieth, aliiomba kazi hiyo, maana bibi yake aliishi kijiji cha jirani. Mwalimu Dorkasi alisita kumwamini.

"Mwalimu, ni rafiki yangu," Elieth alisema. "Namdhamini."

Erica alileta mfuko wa majani. "Wageni hawa hapa!"

Wakachanganywa na wale wa siniani, na baadaye Elieth aliwapeleka baadhi yao shambani kwa mama. Walitaga mayai machache, na wengi wakafa wangali wachanga. Majani ya mihogo yakazidi kupukutika.

"Mwanangu, wadudu wako watatulaza njaa," mama alisema.

Jumamosi Elieth alikwenda kwa bibi yake Erica kutafuta wageni zaidi.

"Shikamoo, bibi. Asante kwa majani uliyompa Erica."

"Marahaba. Majani gani? Erica hajakanyaga hapa tangu mavuno!"

Jumatatu Elieth alimkabili Erica mbele ya mwalimu.

"Niliwatoa humo humo kwenye sinia," Erica alikiri. "Jua lilikuwa kali, nikachoka kwenda hadi kwa bibi. Nilidhani utitiri ni utitiri tu."

"Ungesema, ningekwenda mimi! Nilikudhamini, Erica!" Elieth aliangua kilio.

Mwalimu aliwatuma wote wawili kwa bibi. Walirudi na mfuko wa majani yenye utitiri. Wageni walipochanganywa, mayai yakaongezeka, na mvua zilipokolea mihogo ya mama ikachipua majani mazima.

Bwana shamba aliwaita shambani. "Erica, kazi ikikushinda, sema. Uchovu si kosa, lakini uongo wako nusura uinyime familia chakula. Na wewe Elieth, kumwamini rafiki ni vyema, lakini ukimdhamini, ikague na kazi yake."

"Nisamehe, Elieth," Erica alisema, macho chini.

"Nimekusamehe," Elieth alijibu. "Ila safari ijayo, tutakwenda wote."