Usikate Simu

Yaliyomkuta rafiki yangu Wiratmo naomba yasinikute. Yeye ni fundi wa kompyuta kwenye kituo cha simu za uokoaji huko katika jiji la Semarang. Mchana mmoja mwenzake, Lastri, akampigia kelele: "We Wiratmo, seva imejaa tena! Au umetujazia sinema zako za Kikorea?"

Akacheka, akaingia chumba cha seva, kompyuta zinazohifadhi rekodi za simu zote. Giza, na feni zikivuma. Akatafuta faili kubwa kuliko yote, akalikuta: rekodi ya simu ya mafuriko ya mwaka jana. Alilijua. Siku ile wapokeaji simu walizidiwa, naye akasaidia; yeye ndiye aliyepokea simu ya mama mmoja aliyekwama darini. "Subiri, mama, usikate simu," akamwambia, kisha akatoka kununua supu ya soto, akamsahau. Maji yalipopungua, waokoaji walimtoa akiwa maiti.

Akalifuta haraka, Lastri asije akaliona. Nafasi kwenye seva haikurudi. Fundi yeyote anajua maana yake: kuna programu bado imelishikilia faili lile. Akatazama tena. Lilikuwa linaongezeka ukubwa, kama simu ambayo bado inarekodiwa.

Akavaa hedifoni. Akasikia maji yakipiga ukuta, kisha sauti, taratibu, bila hasira:

"Sijakata, mwanangu."