Kadi Iliyohamia Studio

"Mama Carmel, hiyo kazi yako ya biro, ya kukaa ofisini, mbona inakurudisha na magoti yenye damu?"

Jirani yake Gracieuse alimuuliza hivyo siku moja, wakitoka misa.

"Ngazi za biro ni mbovu, dada."

Gracieuse hakuamini hata kidogo.

Jumamosi hii Carmel alikuwa anaikimbiza pikipiki yake ya TVS kutoka bandarini, bastola ya Makarov kiunoni. Nyuma, pikipiki nyeusi ilimfuata kama deni. Redio ya Motorola ikakwaruza sikioni.

"Carmel, bado inakataa." Alikuwa Aristote, fundi wa kompyuta wa idara yao ya upelelezi.

"Mashine nyingine?"

"Nimenakili programu kwenye zote. Jibu ni lile lile: kompyuta hii haijulikani."

Programu hiyo ilikuwa jicho lao pekee ziwani. Ndiyo iliyosoma kidude kilichoshonwa ndani ya mkanda wa Hénoc, mwenzao aliyejipenyeza kati ya wafanya magendo. Sasa hivi Hénoc alikuwa ndani ya mashua yao, amekalia mifuko ya saruji yenye bunduki chini yake. Na mpokea mzigo alimjua Hénoc kwa sura, kuwa ni mtu wa serikali.

Akifika ufukweni, amekufa.

Ziwa ni pana. Bila programu, Mungu peke yake ndiye aliyejua alipo.

Wauzaji waliifunga programu kwenye mashine moja ili isiibwe. Iliitambua mashine hiyo kwa kadi yake ya mtandao. Jana kadi ilianza kusumbua, mashine ikapelekwa kwa fundi Kizito, naye akaweka kadi nyingine. Huko Ulaya, simu ya wauzaji ilijibu kwa sauti iliyorekodiwa: rudi Jumatatu.

Carmel alifunga breki mbele ya kibanda cha Kizito.

"Papa Kizito, kadi ya zamani iko wapi?"

"Ile? Nilisafisha miguu yake, ikapona. Njo nikaiweka kwenye mashine ya Mama Anne-Marie wa studio ya picha."

"Kadi ya serikali?"

"Mama, hapa Kalemie nani anatupa kitu kizima? Hata hili jino langu lilikuwa la muntu."

Carmel hakucheka. Alikwisha kuwasha pikipiki.

Studioni, Anne-Marie alikuwa anachapa picha za arusi.

"Unafungua mashine yangu? Bibi-arusi anangoja."

"Atangoja, mama. Nisamehe."

Skrubu moja. Kadi ikatoka.

Mlango ukaingia giza. Mtu wa pikipiki nyeusi, bastola mkononi.

"Chochote ulichofuata hapa, mama, leta."

Anne-Marie alibonyeza taa kubwa ya kupigia picha.

Mwanga ukamjaa mtu yule machoni. Carmel alimpiga teke la goti, akampokonya silaha, akamlaza kifudifudi na kumfunga kwa waya wa printa.

"Alifumba macho," Anne-Marie alisema. "Picha hii haifai."

Baada ya kitambo, kule bandarini, Aristote alikuwa anairudisha kadi mahali pake. Kioo cha kompyuta kilibaki cheusi. Carmel alishika msalaba wa shingoni, midomo ikitembea bila sauti.

Kioo kikawaka. Nukta nyekundu: mkanda wa Hénoc.

"Vedeti, hapa bandari," Carmel aliiita boti ya doria. "Kusini ya Zongwe. Karibu sana na nchi kavu."

"Tumepokea. Tunaiona."

Risasi zikasikika redioni. Halafu mlio wa injini ya Yamaha. Halafu mkwaruzo mtupu.

"Vedeti?"

"Bunduki tunazo zote. Hénoc aliruka majini. Tumemtoa. Anatapika maji na kututukana."

"Basi ni mzima," Aristote alisema, akakaa sakafuni.

Jumatatu simu ililia bironi. Muuzaji wa programu, kwa Kifaransa kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi.

"Madame, kadi ilitolewa bila idhini yetu. Mkataba uko wazi: leseni imekufa. Mtanunua nyingine."

Hénoc alikuwa kwenye kiti, bendeji kichwani, anakunywa chai kwa mikono miwili. Carmel alimtazama. Akampa simu.

"Nani huyu?" Hénoc aliuliza.

"Anayesema kadi iliyokuokoa ilitolewa bila idhini yake. Mjibu wewe," Carmel alisema, akachukua kofia yake ya pikipiki, akatoka.