Mkwe Asiyesalimu

Saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, Main Mall ya Gaborone ilikuwa imefurika watu na jua halikuwa na haya. Foleni ya mama muuza magwinya, yale maandazi ya mviringo, ilikuwa ndefu, na kwenye beseni yalibaki manne tu.

"Nipe yote manne, mma," alisema kijana aliyekuwa mbele.

"Yote?" Sauti ilimtoka Sethunya kabla hajaizuia. Kwa kawaida alikuwa msichana wa kufikiri mara mbili ndipo aseme, lakini tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni.

Kijana aligeuka. Shati lake la kaki lilikuwa na vumbi begani, bisibisi ikichungulia mfukoni. "Wewe dada unakula mangapi?"

"Mawili."

"Kwa mwili huo? Moja lingekutosha wiki nzima."

"Na hayo manne ni ya nani?"

"Mawili yangu. Mawili namnunulia mtu ambaye bado sijamjua jina."

Mama muuza alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. "Mtajie jina, binti, magwinya yanapoa!"

Walikula wamesimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Kijana aliitwa Oagile, fundi wa viyoyozi.

"Kazi yangu ni kuwapoza watu," alisema akijilamba vidole. "Na yako?"

"Kuwasikiliza wakiwa bado wa moto."

Sethunya alikuwa katika mwaka wa mwisho wa kusomea saikolojia, na mwaka huo wote ulikuwa wa mafunzo kwa vitendo, katika kituo cha ushauri cha chuo kimoja mjini. Wanafunzi walikuja na usingizi uliopotea, mitihani iliyowashinda, misiba iliyokataa kuisha. Kila kikao kilirekodiwa kwa video, kwa idhini ya mwanafunzi mwenyewe, na kila Jumatatu Sethunya alikaa na msimamizi wake, Mma Ditsele, wakiitazama picha hiyo pamoja.

"Simamisha hapo," Mma Ditsele angesema, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. "Mtoto amekwambia baba yake amehama. Wewe ukamuuliza mitihani inaanza lini. Umemkimbia."

"Nimemkimbia, mma."

"Kesho usikimbie. Kaa naye."

Hakuwahi kumkaripia. Katika miaka ishirini na sita ya kazi hiyo alikuwa amelea wanasaikolojia wengi, na bado alimtazama kila mwanafunzi kana kwamba ndiye wa kwanza. Sethunya alitamani siku moja awe na utulivu wa mama yule.

Kanuni moja tu ilimkwama kooni: ukikutana na mteja nje ya kituo, usimsalimu mpaka akusalimu yeye.

"Lakini mma, sisi ni Batswana! Kumpita mtu bila salamu ni kumwita mbwa."

"Ndiyo maana unamwambia mapema. Salamu yako inaweza kumfanya rafiki yake aulize, 'Huyu umemjulia wapi?' Akitaka kukujua, atakujua."

Basi alimwambia kila mteja siku ya kwanza. Alimwambia pia Tshepiso, binti wa mwaka wa pili mwenye sauti ndogo, aliyeanza kuja mwezi wa Agosti. Aliyoyasema binti huyo chumbani mle yabaki mle mle.

Kufikia mwisho wa Oktoba mapenzi yalikuwa yamekwisha shika. Oagile alipiga simu kila jioni.

"Mpenzi, leo umesikia nini?"

"Mengi."

"Nidokezee moja tu. Dogo kabisa."

"Nimesikia kwamba fundi mmoja amekonda kwa mawazo."

"Hiyo ni siri ya mgonjwa! Nitakushtaki!" Wakacheka mpaka salio likaisha.

Mwezi wa Novemba Oagile alimwalika kwenye harusi ya binamu yake huko Tlokweng. "Mama anataka kukuona. Shangazi zangu wanataka kukukagua. Jitayarishe."

Sethunya alivaa gauni la leteisi, kitambaa cha buluu cha sherehe, lililombana kiunoni kwa adabu, na shali begani. Wanawake waliokuwa wakikoroga masufuria ya seswaa, nyama ya kupondwa, walimpigia vigelegele. Alimsalimu mama, akawasalimu mashangazi mmoja mmoja kwa mikono miwili. Mambo yalikuwa yakienda kama maji mpaka Oagile alipomvuta msichana aliyeshika trei ya soda.

"Na huyu ndiye kitinda mimba wetu. Tumechangia mama. Tshepi, njoo umwone wifi yako!"

Alikuwa Tshepiso.

Majina yao ya baba yalikuwa tofauti, Sethunya angejuaje? Binti aliinamisha uso, chupa zikagongana juu ya trei. Kichwani mwa Sethunya kulibaki kitu kimoja tu: usimsalimu mpaka akusalimu. Akangoja. Binti naye, kwa hofu, akanyamaza. Mgeni ndiye anayesalimu kwanza. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Mashangazi waliacha kukoroga.

Tshepiso aliweka trei chini na kukimbilia jikoni, machozi yakimtoka.

"Mkwe gani huyu mwenye mdomo wa kufuli?" shangazi mmoja aliuliza, wala hakupunguza sauti.

Kesho yake simu ililia.

"Sethunya, mdogo wangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea chochote."

"Umemtazama kama jiwe la njiani! Mtoto mwenyewe tangu Juni hali vizuri, hacheki, hatujui ana nini, halafu wewe... Niambie sababu tu. Nitaielewa."

"Siwezi, Oagile."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Basi nami siwezi kumpelekea mama yangu mtu asiyeweza." Akakata.

Jumatatu Mma Ditsele alisikiliza hadithi yote bila kugusa chai yake.

"Ulishika kanuni, ukaisahau sababu yake," alisema hatimaye. "Kanuni ni ya kumficha mtoto. Pale kimya chako ndicho kilichomwanika. Umeshatambulishwa, ungemsalimu kama mgeni, basi."

Sethunya alifunika uso. "Nimemuumiza."

"Umemuumiza, nawe utamwomba radhi. Kisha tutampa mshauri mwingine, maana wewe sasa ni mtu wa nyumbani kwao."

"Mma... nikimwambia Oagile neno moja tu, atarudi."

"Ni kweli. Neno moja linatosha." Mma Ditsele alikaa naye tu, mpaka Sethunya akajifuta macho na kusema, "Halitatoka kwangu."

Siku ya kikao Tshepiso alikaa ukingoni mwa kiti. "Kaka ameinunia nyumba nzima. Umemwambia?"

"Sijamwambia, wala sitamwambia. Nilikukosea siku ile, Tshepiso. Nisamehe."

"Mmeachana kwa sababu yangu?"

Mlango wa kumrudisha Oagile ulikuwa wazi. Ingetosha kuguna. Ingetosha kutazama dirishani kwa huzuni, na binti angeenda kusema kila kitu. Sethunya alivuta pumzi.

"Mambo yangu na kaka yako nitayabeba mwenyewe. Saa hii ni yako. Tuzungumze utakavyoanza na mshauri mpya."

Wiki tatu zikapita. Simu ya jioni haikulia. Sethunya alikonda, akaendelea kusikiliza watu, na Jumatatu moja Mma Ditsele hakusimamisha picha hata mara moja.

Alhamisi, mvua ya kwanza ilipokuwa ikipiga mabati, alimkuta Oagile kwenye baraza la kituo, shati limelowa likamganda kifuani.

"Tshepi ametuambia mwenyewe jana," alisema. "Mimi na mama. Kila kitu tangu Juni. Na kwamba alikuja hapa, na aliyemsikiliza alikuwa wewe."

Sethunya alitazama mvua. "Siwezi kukujibu hilo, Oagile."

"Amesema yeye mwenyewe!"

"Ni lake kulisema. Mimi sijapewa ruhusa."

"Hata sasa? Mimi hapa, nimelowa hivi?"

"Hata sasa. Ukinuna tena, nuna."

Oagile alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka, cheko lililochanganyika na machozi. "Nimekutukana kwa shangazi zangu wote. Nawe ulikuwa na neno moja la kunifunga mdomo, hukulitoa, ukakubali kunikosa." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nisamehe, mpenzi. Wajomba zangu waje kwenu lini?"

"Kufanya nini?"

"Kukuposa, mwanamke! Unataka nipige magoti kwenye matope?"

Sethunya aliona haya, akazungusha ncha ya shali kidoleni. "Jumamosi," alisema polepole. "Alfajiri, kabla ng'ombe hawajatoka. Na wote wavae makoti. Baba yangu hampokei mjomba asiye na koti."

"Mjomba Moatlhodi hana koti."

"Aazime," alisema Sethunya, akamshika mkono.