Jedwali Lililompandisha Digna Dunguni

Wazazi wenzangu, lile jedwali la kulinganisha shule zetu za sekondari, mliloligawana kwenye simu mpaka likafika Kiberege, nililitengeneza mimi. Lilikuwa bovu. Nina diploma ya takwimu, niliiwekea fremu hata kabla sijanunua kitanda, lakini kuna swali dogo sikuliuliza.

Jumapili moja nilikuwa Michenga kwa dada yangu Natalia. Mpunga umeanikwa kwenye turubai, bintiye Digna anaugeuza kwa miguu huku anaimba. Nikatoa simu. Shule yao ya kata, ufaulu asilimia sabini na moja. Shule moja ya serikali mjini Ifakara, asilimia mia.

"Mjomba, mimi hapa nimezoea," Digna akasema. Alikuwa kidato cha pili.

"Umezoea sabini na moja," nikamtania. Tukacheka, mimi na mama yake. Yeye akaacha kuimba.

Akahamishiwa ile ya mjini. Mwaka huu, usajili wa mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia, tukaitwa mjini. Mwalimu wa taaluma, Dionisi, aliongea taratibu kama anayetoa taarifa ya msiba.

"Mama Digna, mhamishe kimyakimya. Akifanyia mtihani hapa atatushusha."

"Na yeye mmemshusha wapi?" Natalia akauliza.

Hapo ndipo akili ikanirudia. "Mwalimu, wale wa ile asilimia mia, walianza kidato cha kwanza wangapi?"

"Karibu mia."

"Wakafanya mtihani wangapi?"

"Arobaini na kitu."

"Wengine?"

"Walihama."

"Kwenda wapi?"

Akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na maandishi.

Tukarudi Michenga kwa mkuu wa shule ya kata, Mwalimu Devota, vichwa chini.

"Mleteni," akasema. "Wanaoanza hapa karibu wote tunawafikisha kwenye mtihani, ndiyo maana asilimia yetu inachechemea. Ila fanyeni haraka, usajili unafungwa Ijumaa."

Lakini Digna alikuwa ameshapanda dunguni, kile kichanja kirefu cha shambani, anaamia ndege kwa kombeo wasile mbegu za mpunga. Akiitwa kula, anashuka. Ikitajwa shule, anarudi juu.

FUNZO

Mzazi, ukiletewa asilimia, usishangilie. Uliza kwanza waliingia wangapi na wakafika mwisho wangapi. Kama ni kuwaondoa wanaosuasua, hata mimi nipeni shule, nitawaletea mia. Na kabla hujamhamisha mtoto, msikilize. Digna alituambia mapema, tukamcheka.

Alhamisi nilikwenda shambani. Nikasimama chini ya dungu, viatu vimejaa tope, utani wote umeniisha.

"Digna, mama, mjomba wako nilikosea. Shuka twende tukakuandikishe."

Kombeo lake likavuma juu yangu. Ndege wakaruka, wakatua shamba la jirani.