Sindano za Dakta Hobler

Honda XL iliruka shimo, ikatua, ikaserereka mchangani. Mwanaidi hakupunguza mwendo.

Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni.

"Tisa, hapa Chikongola. Uko wapi?"

"Nakaribia Kilambo."

"Maji yanajaa. Pantoni inaondoka saa nne. Mzungu asivuke."

"Akivuka?"

"Huko ni nchi nyingine, si kwetu. Tutakuwa tumemkosa."

Aliitupia jicho Casio yake. Zilibaki dakika nane.

Jana asubuhi Gaudensi, daktari wa mifugo, aliingia ofisini kwao Chikongola, idara ya usalama. Mwaka mzima alikuwa akitunza paka kumi na wanane katika nyumba ya Dakta Hobler pale Chuno. Walikuwa na kirusi cha paka, kinachobomoa kinga ya mwili kama UKIMWI unavyombomoa binadamu. Mtu hakimpati. Ndiyo maana wataalamu humchunguza paka ili wamwelewe binadamu. Kazi halali, yenye vibali.

"Akatengeneza chanjo," alisema Gaudensi. "Ikawakinga paka sita. Sita tu, dada! Sasa anataka kuijaribu kwa watu. Kuna kijiji ng'ambo ya Ruvuma, amewaambia ni sindano ya malaria. Wiki mbili baadaye atawadunga kirusi chenyewe cha UKIMWI, aone kama chanjo inakinga."

"Wangapi?"

"Arobaini. Na watoto wamo."

Mwanaidi alimzika kaka yake, aliyeuawa na UKIMWI, mwaka juzi, mwaka 2000. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba watu wawili walitosha kumbeba.

Alipofika Kilambo, Land Cruiser nyeupe ilikuwa tayari juu ya pantoni. Mlango wa pantoni ulikuwa unainuliwa.

Aliibwaga pikipiki. Akakimbia. Akaruka.

Vidole vilinasa mnyororo. Akajivuta ndani.

Mlinzi wa Hobler, jitu la shingo nene, alitia mkono ndani ya koti. Alichelewa. Kitako cha bastola ya Mwanaidi, Browning, kilimpata sikioni, akaanguka kama gunia la korosho.

"Dakta Hobler! Uko chini ya ulinzi."

Mzungu alikuwa amekwisha kufungua sanduku la barafu. Mkono mmoja ulishika sindano yenye damu nzito. Mwingine ulimkaba Saidi, mkata tiketi. Ncha ilimgusa shingoni.

"Damu hii ina kirusi cha binadamu," alisema kwa Kiingereza, taratibu, kama yuko darasani. "Tupa bastola mtoni. Tunavuka."

"Dada," Saidi alinong'ona, "nina mke na watoto."

Browning ilizama Ruvuma.

Pantoni iliendelea. Ng'ambo ilisogea. Mwanaidi aliinua mikono, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha, kwa Kiswahili ambacho Hobler hakuwahi kujisumbua kujifunza:

"Nahodha, fungu la mchanga liko kushoto kwako. Likwee kwa nguvu zote."

Nahodha Mustafa hakusubiri kuambiwa mara ya pili.

Injini ilinguruma. Pantoni ikapanda mchanga, ikasimama ghafla. Hobler akapepesuka. Sindano ikaachana na shingo.

Hatua mbili zilimtosha Mwanaidi. Alidaka kifundo cha mkono wenye sindano, akakinyonga. Mfupa ukalia. Sindano ikaanguka, akaisukuma kwa buti mbali na watu.

Pingu.

"Hujui ulichoharibu!" Hobler aligumia. "Mamilioni wangepona!"

"Ungeanza na mkono wako mwenyewe."

Akachukua redio. "Chikongola, Tisa. Ninaye. Na sanduku lake."

Ng'ambo, hatua hamsini tu, watu walikuwa wamejipanga ufukoni. Akina mama walivaa kanga mpya. Watoto walipakwa mafuta hadi wakang'aa.

"Daktari yupo?" mama mmoja alipaza sauti. "Tumetembea tangu alfajiri!"

"Haji, mama. Alitaka kuwadhuru. Rudini nyumbani."

"Muongo wee! Dawa zetu mnataka kuzila nyie watu wa mjini!"

Bonge la tope liliruka, likampata Mwanaidi pajani.

Alihesabu vichwa vya watoto, kumi na saba, wote wazima, mpaka maji yalipoiinua pantoni na Mustafa akageuza.

Kilambo, alimkabidhi Hobler kwa polisi, akaiinua Honda, akaipiga teke moja. Ikawaka.

Akaondoka na tope lake.