Makopo Manne ya Bibi

Kila asubuhi, kabla hajakalia cherehani yake, mama alifungua mlango wa nyuma, akayainamia makopo manne yaliyopangwa kando ya ukuta, akayaamkia.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje leo?"

Kisha akayapa habari za nyumbani. Baba kachelewa kutoka kwenye tanuri la mikate, zipu ya suruali ya mwalimu mkuu imemtoa jasho, mjukuu wake kapata alama nzuri za hesabu. Mjukuu mwenyewe alisimama hapo hapo na mswaki mdomoni, povu limemjaa, asiweze kutema wala kumeza. Majirani waliona ni mapenzi ya mtoto kwa mzazi wake aliyetangulia. Msichana huyo peke yake ndiye aliyejua kwamba mama anaamkia pilipili za watu.

Nyumbani walimwita Chapuchapu. Jina hilo alipachikwa na bibi, kwa sababu alikula akiwa amesimama, alifua nguo zikabaki na sabuni, na darasani alijibu swali kabla halijaisha kusomwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika maisha yake hakuwahi kupanda hata mchicha.

Bibi alifariki mwanzoni mwa mwaka. Aliacha kigoda chake kando ya cherehani, mtandio wake kwenye msumari, na kichupa cha dawa chenye mbegu kumi na mbili za pilipili. Zilikuwa pilipili fupi, kali kupindukia, ambazo zikizaa huelekea juu badala ya kuning'inia. Bibi alikuwa akigusisha moja kwenye ncha ya ulimi, anapiga chafya tatu, halafu anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mche wa mwisho ulikauka wakati wote wanahangaika na ugonjwa wake. Mbegu zile kumi na mbili zikipotea, basi.

"Nakukabidhi wewe," mama alimwambia, maana kesho yake alikuwa anasafiri kwenda kumsaidia dada yake aliyejifungua. "Tatu kila kopo. Usizizamishe, nusu ya ukucha inatosha. Maji nyunyiza kwa vidole. Halafu ziache. Umenisikia, Chapuchapu? Ziache!"

"Nimesikia, mama."

Alitoboa makopo chini kwa msumari, akajaza udongo uliochanganywa na samadi, akapanda. Siku ya tatu akachungulia. Siku ya tano akachokonoa kwa kijiti. Siku ya saba akamimina maji kwa kikombe mpaka yakafurika. Hakuna kilichoota. Siku ya kumi aliamini ameziua mbegu za bibi, na mama angerudi baada ya siku nne.

Mlinzi wa shule alikuwa na kitalu kidogo nyuma ya kibanda chake.

"Babu, naomba miche minne ya pilipili."

"Chukua, mjukuu wangu. Ila hizi ni za aina ya..."

"Asante, babu!" Chapuchapu alikuwa ameshafika getini.

Jioni hiyo aliyabinua makopo nyuma ya tangi la maji, pale bomba linapovuja, akapanda miche ya mlinzi kwenye udongo mpya. Udongo wa zamani ulibaki chini, vilima vinne vidogo. Alivitazama mara moja tu, akaona vinafanana na makaburi. Akatoka mbio.

Mama aliporudi aliangusha mkoba mlangoni na kupiga magoti mbele ya makopo. "Zimeota! Na zina majani manne! Hata mbegu zako zina haraka kama wewe." Alimkumbatia binti yake huku analia. Maamkizi ya asubuhi yalianza kesho yake.

Kuanzia hapo nyumba ikawa haikaliki kwa Chapuchapu. Mtandio wa bibi ulicheza msumarini hata pasipo upepo. Kigoda, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia, alikiona kila siku kimesogea kidogo kuelekea mlango wa nyuma. Lakini kilichomtisha zaidi ni tangi. Bomba lilidondosha tone moja moja, ti, ti, ti, na katikati ya matone alisikia mtu anavuta pumzi, kama anayetaka kupiga chafya. Chafya yenyewe haikuja. Alisimama na ndoo akiisubiri hadi mama alipomwita. Siku zilizofuata alizunguka nyumba nzima ili tu asipite nyuma ya tangi. Alikonda. Mama alidhani ni minyoo, akampa dawa.

Mwezi wa nne tangu miche ipandwe, maua yakageuka kuwa matunda. Mama alimwita nje, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Zimeinama," alisema polepole, akiinua kwa kidole pilipili ndefu iliyoning'inia. "Za mama hazijainama hata siku moja." Akaiachia. "Amenikasirikia. Labda sikumuuguza vizuri. Labda kuna dawa niliyochelewa kumpa."

Chapuchapu aliweza kuvumilia mtandio, kigoda, hata tangi. Hilo halikuvumilika.

"Si wewe, mama! Ni mimi. Hizo si za bibi."

Akasema yote, kijiti, kikombe, mlinzi, tangi. Mama alisikiliza, kisha akaingia ndani akakikalia kigoda cha bibi kwa mara ya kwanza.

"Miezi yote hii," alisema, "nimekuwa nampa mlinzi wa shule shikamoo ya mama yangu." Haikujulikana kama anataka kucheka au kulia. Mwishowe akasimama. "Ulizimwaga wapi? Nipeleke."

Chapuchapu alitangulia, ameushika mkono wa mama kwa nguvu zote. Ti, ti, ti. Vilima vilikuwa vimefunikwa na magugu. Mama aliyatenga kwa mikono yake, na katikati ukaonekana mche mmoja, mwembamba, majani yake yametobolewa na konokono. Juu yake palikuwa na pilipili mbili fupi za kijani. Zote mbili zilielekea juu.

Mama alichuma moja, akaing'ata, akaigusisha kwenye ncha ya ulimi.

Akapiga chafya. Ya pili. Ya tatu. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Chapuchapu, aliyeisubiri chafya ile kwa miezi, akajikuta anacheka na kulia pamoja naye.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema alipopata pumzi. "Mbegu za pilipili huota baada ya wiki mbili, wakati mwingine tatu. Wewe ulizipa siku kumi ukasema zimekufa. Hilo nakusamehe, hukuwahi kulima. Lakini ungeniambia siku ile niliporudi, tungekuja hapa wote wawili, na pengine tungekuta miche mingi. Haraka yako ilizimwaga mbegu. Kilichozimaliza ni kuficha. Ukiharibu kitu, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Na mlinzi utamrudishia miche yake, umweleze mwenyewe. Hii pilipili iliyobaki ni ya mbegu. Tutaichuma ikiwa nyekundu kabisa."

Chapuchapu alifungua mdomo aulize ni baada ya siku ngapi. Akaufunga.

Kesho yake aliamka wa kwanza. Alipita njia fupi ya nyuma ya tangi akiwa na mswaki mdomoni, akatema povu pembeni, akachuchumaa mbele ya mche.

"Shikamoo, bibi," alisema. Kisha akakaa palepale, bila kugusa kitu, akimpa bibi habari za nyumbani moja baada ya nyingine.